Hundi Iko Njiani

Nasema: hundi iko njiani.
Naisema kwa Kibulgaria, kwa Kirusi kilichoota kutu,
na kwa Kijerumani nilichofundishwa na shangazi,
na katika lugha zote tatu
hundi haijafunga hata kamba za viatu.

Sisi tunatengeneza makasha ya fedha.
Chuma cha unene wa vidole vinne, komeo tano,
namba ya siri ambayo sisi wenyewe, tukishalifunga, hatuijui.
Miaka sitini benki zililala usingizi kwa ajili yetu.
Sasa fedha inapita hewani kama chafya,
na nani anunue mlango wa kilo mia tisa
kufungia kitu kisicho na mwili?

Kwanza waliondoa maua ya mapokezi. Hakuna aliyeuliza.
Kisha kahawa. Kisha karatasi ya chooni,
kila mtu akawa na yake mkobani, kama hirizi.
Kisha joto: mtambo ukawa unazimwa saa sita,
tukajifunza kupiga chapa na glavu.
Kisha wakamwondoa Nelka.
Kiti chake bado huzunguka kidogo mtu akipita kwa haraka.

Mshahara wa Januari ulikuja Machi,
siku tunayofungana nyuzi nyekundu na nyeupe mkononi
kuisihi baridi iende zake.
Ulikuja nusu.
Tsvetana wa uhasibu aliutia kwenye bahasha kuukuu,
akayakata majina ya zamani kwa kalamu,
na nusu yangu ikanifikia kwa jina la Dobri wa rangi,
tuliyemzika mwaka juzi.
Nilicheka mpaka Tsvetana akaanza kulia.

Sasa niseme la Mei.

Kwetu Gabrovo, mtu akitikisa kichwa kando na kando, amekubali.
Akikipeleka juu na chini, amekataa.
Walikuja wanunuzi watatu kutoka Linz, viatu safi,
wakauliza: oda za mwaka huu zipo?
Nikatafsiri.
Mkurugenzi Stamatov, ambaye hakuwa amesema kweli tangu majani yapukutike,
alitazama dirishani. Alichoka, nadhani.
Akakipeleka kichwa juu, akakishusha, mara mbili, polepole:
hazipo.
Wageni wakatabasamu. Wakaandika: zipo.

Nilikuwa nimeshika birika.
Maneno yalikuwa mdomoni, ya Kijerumani, yamepangwa vizuri,
kitenzi mwishoni kama shangazi alivyotaka.
Nikamimina chai.

Wakatuma malipo ya awali.
Watu themanini na wawili tukala mkate
wa kichwa kimoja kilichoinama na mdomo mmoja uliofungwa.
Njia ya mwongo ni fupi, husema watu;
yetu ilitufikisha Septemba.

Linz hupiga saa tatu kamili.
Ni mwanamke, Edeltraud, sauti ya mtu mwenye mafua ya kudumu.
Siku za mwanzo aliuliza makasha.
Baadaye aliuliza fedha yao.
Siku hizi huuliza mwanangu amepona kikohozi,
na juzi akasema, kama anayetaja hali ya hewa,
kwamba nao wanapunguza watu,
na dawati lake liko karibu na mlango.

Chini karakanani Radostin bado anang'arisha kasha la mwisho.
Halina mnunuzi. Analipitishia kitambaa kila asubuhi,
na ndani yake huweka mkate wake wa jibini,
kwa sababu ya panya.
Hakuna panya aliyeufikia.
Kazi tuliijua, hilo mtu asituchukulie.

Simu inalia. Saa tatu.
Nasema: ndiyo, Edeltraud, ndiyo, iko njiani,
na kichwa changu, ambacho hakuna anayekiona,
kinakwenda juu, kinarudi chini.